Ufa Kwenye Karata Isiyo na Jina

Mjomba wangu alisema sitafika hata uwanja wa ndege. Shangazi, ambaye ni mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani kwetu Kitale, alisema nitafika, lakini nitaishia kuosha vyombo na kusahau njia ya kurudi. Jirani yetu mwenye duka la mabati na misumari alisema kwamba mtu aliyezoea kuchora vichwa kwenye mabango ya vinyozi hawezi kukaa darasani na Wazungu akapewa diploma, labda wampe ya kunyoa. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kisha nikawaomba haohao wanikopeshe nauli na karo, na ajabu ni kwamba walinikopesha. Nadhani kila mmoja alitaka apate haki ya kusema baadaye kwamba alijua.

Leo diploma hiyo imetundikwa kwenye duka langu la uchapaji, juu ya mashine kubwa, mahali ambapo mteja hawezi kuinua macho asiione. Ni ya uchapaji na usanifu wa picha, kutoka chuo kimoja cha Saint Paul, Amerika. Niliipata nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, na simjui mwingine wa ukoo wetu aliyejaribu jambo kama hilo. Kando yake nimetundika picha ndogo ya kiunzi cha mifupa kinachotembea shambani kikiwa na mundu mrefu. Wateja wengi huuliza habari za picha hiyo kabla ya kuuliza bei ya kadi za harusi, na wengine hawarudi. Picha hiyo nusura inirudishe nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo ni haki nieleze ilivyokuwa.

Kama Wakenya wengi wa kule, nilianza na kazi ya kutunza wazee. Nilipanga chumba Fridley, na asubuhi nilipanda basi kwenda Anoka, mji wa zamani ulio kando ya mto, kwa mzee mmoja wa Kizungu ambaye miguu yake ilikuwa imechoka kabla ya kichwa chake. Alikuwa mchapaji maisha yake yote: lebo za mbegu, kalenda, matangazo ya maonyesho ya ng'ombe. Nilimtunza hadi alasiri, kisha alikuja mama mmoja Mkongomani kunipokea zamu, nami nikakimbilia darasani Saint Paul. Mama huyo alitoka Uvira, akapitia kambini, na kanisa lake lilikutana kwenye ukumbi wa kukodi karibu na nilipokaa. Aliniita Papa, kama wanavyowaita wanaume wanaowaheshimu. Mimi nilimwita Mama.

Siku moja mzee aliniagiza nitoe kasha la mbao chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na karata. Hazikuwa zile za kuchezea nilizozijua mimi. Zilikuwa ndefu, nene kidogo, za rangi ya chai iliyomwagika, na kila moja ilikuwa na picha: mwanamke anayemwaga maji kutoka mitungi miwili, mnara unaopigwa na moto wa mbinguni, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja kama kuku sokoni. Aliziita taroti. Neno hilo nililijua. Kwetu mtu mwenye karata kama hizo ana mkeka, ana wateja wanaokuja kwa siri, na ana jina ambalo halitajwi kanisani.

"Unazipigia ramli?" nilimuuliza, nikiwa nimesimama mbali na kitanda.

"Ningekuwa najua ya kesho," alisema, "ningeiuza nyumba hii wakati bei ilikuwa juu. Keti. Wewe si unasomea uchapaji? Nionyeshe unachoona."

Niliona mtego. Nilidhani ananipima kama nitaiba, au kama nitaogopa, au kama mimi ni Mkristo wa kweli. Kwa majuma mengi niliosha mikono kila nilipozigusa, na kwenye basi nilisali sala fupi. Lakini jicho la mchora mabango halina dini, nalo lilianza kuziangalia bila ruhusa yangu.

Jambo la kwanza nililoliona ni macho. Fundi aliyechonga ubao wa kuchapia karata hizo alikuwa amewapa watu wote macho ya pembeni. Mfalme anatazama kando, malkia anatazama kando, hata jua lenye uso wa mtu linachungulia kama jirani aliyesikia kelele. Hakuna anayekutazama usoni. Ukizipanga mezani, unaona baraza zima la watu wanaoshukiana.

Jambo la pili lilikuwa mistari. Ilikuwa mizito, myeusi, isiyo na madaha. Fundi alichora kinyume kwenye ubao, akaondoa kwa kisu kila kisichotakiwa, na kilichobaki kimeinuka ndicho kilichopakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Pua ni mkato mmoja. Kivuli ni mikato midogo iliyopangwa kama meno ya kitana. Mimi niliyekuwa nikichora nywele za mteja unywele mmoja mmoja nilidharau kwanza, kisha nikaanza kuhesabu mikato. Hakuna mkato hata mmoja ambao ungeweza kuuondoa.

La tatu lilikuwa rangi, na hapo nilicheka. Nyekundu ya joho ilikuwa imevuka mpaka na kuingia mkononi. Manjano ya taji ilikuwa imeelea juu ya taji lenyewe. Buluu ilikuwa imekosa kabisa sehemu ya mto.

"Huyu angekuwa Kitale asingepata kazi kwa kinyozi yeyote," nilisema.

"Mistari ni ya fundi mmoja," mzee alinieleza. "Rangi ni ya mtu mwingine mwenye haraka. Anaweka juu ya karatasi stensili iliyotobolewa, anapitisha brashi ya nyekundu, anaiondoa. Stensili nyingine, manjano. Nyingine, buluu. Ikisogea kidogo, joho linahamia mkononi. Usicheke. Hivyo ndivyo unavyojua kwamba palikuwa na mkono."

Alinifundisha pia kwamba karata hazikuchapwa moja moja. Fundi alichonga nyingi kwenye ubao mmoja mpana, zikichapwa zote kwa pamoja kwenye karatasi kubwa, zikatiwa rangi, zikagandishwa kwa gundi juu ya karatasi nyingine ili ziwe ngumu, ndipo zikakatwa. Karata zinazofuatana katika mpangilio wa mchezo mara nyingine zilikuwa jirani hata kwenye ubao.

Zote zilikuwa na jina chini, isipokuwa moja. Ile ya kiunzi cha mifupa haikuwa na kitu, nafasi tupu tu, kana kwamba hata aliyeichonga hakutaka kuiita. Kiunzi kilitembea kwenye udongo mweusi, na chini ya mundu wake palikuwa na vichwa viwili na mikono iliyochomoza kama mihogo.

Ulipofika wakati wa kazi ya mwisho chuoni, kila mwanafunzi alitakiwa achonge picha ya ubao ya zamani upya, aichape, aitie rangi kwa stensili. Wenzangu walichagua ndege na maua. Mimi nilichagua ile isiyo na jina, kwa sababu nilijua hakuna mwingine angethubutu. Mzee alikubali kwa sharti moja: karata isitoke nyumbani kwake. Nikawa naiwekea karatasi ya kupitishia mwanga juu, mezani kwake, na kufuata kila mstari kwa penseli. Mama wa Uvira alinikuta hapo alipokuja kunipokea.

"Papa, unachora ule mutu?"

"Ni kazi ya shule, Mama."

"Shule ya nani?" akauliza, akaenda jikoni bila kungoja jibu.

Nilichonga kwenye ubao wa mpeasi, nikachapa nakala ya kwanza, nikaitia rangi. Sitajivunia kupita kiasi, lakini mwalimu aliiinua juu darasani, na yeye hakuwa mtu wa kuinua vitu. Niliipeleka nakala ile kwa mzee ailinganishe na ya asili. Wakati huo alikuwa kitandani na homa ya mapafu. Akaziweka zote mbili kwenye meza ndogo iliyo kando ya mto wake wa kulalia, akawa anazitazama kwa zamu kati ya kikohozi na kikohozi. Akapona. Karata ikarudishwa kwenye kasha. Mimi sikuiangalia tena, maana kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Mzee alikuwa na binti mmoja aliyeishi Roseville. Alikuja kila Jumapili, akipitia kwanza kwenye maduka makubwa ya huko, na alipoingia alifungua droo kabla ya kuvua koti. Hakuniamini tangu siku ya kwanza, na niseme ukweli, mimi pia sikumwamini. Nyumba ilikuwa karibu kuuzwa, naye alitaka karata zipelekwe kwa watu wa kuthamini vitu vya kale.

Jumapili moja nilikuwa nimeombwa kushika zamu. Nilimkuta amesimama dirishani, karata ya mifupa iko ndani ya mfuko wa plastiki, nakala yangu iko mkononi mwake wa pili.

"Hii si ya baba," alisema.

Niliitazama kupitia plastiki. Kweli haikuwa kama nilivyoijua. Ya mzee ilikuwa kavu, ya rangi ya chai. Hii ilikuwa imeiva kama ngozi, yenye mng'ao, na maua madogo yaliyochapwa mgongoni yalionekana upande wa mbele yakipita kati ya mbavu.

"Wewe unajua kutengeneza nakala," alisema. "Moja hii hapa. Na hii nyingine ni nakala pia, ila hukuimaliza vizuri. Ya asili iko wapi?"

"Sijui kilichotokea. Niruhusu niitoe niishike."

"Hutaishika. Nakupa hadi Jumapili ijayo. Ikirudi, basi. Isiporudi nitaipigia kampuni yako simu, kisha polisi."

Hakuwa na haja ya kunieleza maana yake. Mtunza wazee anayeandikiwa wizi hapati mzee mwingine popote. Bila kazi hakuna karo, bila karo hakuna chuo, na mgeni mwanafunzi asiye na chuo anafunga mizigo. Akilini nilimwona mjomba uwanja wa ndege ananipokea, amevaa suti kwa makusudi.

Juma lile nilimshuku kila mtu. Nilimshuku binti, kwamba ameiuza mwenyewe na kunitafutia mimi jela. Nilimshuku mzee, kwamba amesahau alipoiweka na anaona aibu. Nilipomuuliza alisema tu, "Ningekuwa na macho ya zamani ningekwambia," akageuza uso ukutani. Nilimshuku Mama, kwa kuwa tangu nimweleze habari ile alianza kufika akiwa ameshavaa glavu, na kila nikianza kuzungumza yeye anafungua bomba la maji. Kwenye basi nilitazama abiria na kuwaona wote wana macho ya pembeni.

Chuoni, mwenzangu mmoja ubao wake ulipasuka. Ulikuwa umekaa karibu na kipasha joto, ukakauka, ukafanya ufa mwembamba. Alipouchapa, ufa ulitokea kwenye picha kama unywele mweupe, kwa sababu wino hauingii kwenye ufa. Unywele ulikatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Mwalimu alimwambia atupe ubao. Mimi nilibaki nimeshika rola ya wino mkononi.

Nilikuwa nimeuona unywele mweupe kama huo. Kwenye karata ya mifupa ulikata mundu karibu na mpini. Nilipokuwa nikiifuata mistari niliudhani mkwaruzo, na kwa kuwa mimi sichapi kazi yenye mikwaruzo, kwenye nakala yangu niliuondoa. Mundu wangu ulikuwa mzima.

Kesho yake nilifungua kasha mzee akiniangalia. Nikatoa karata inayotangulia ile ya mifupa katika mpangilio, yaani mtu aliyening'inizwa. Nikaipeleka dirishani. Pale kwenye mti anapofungwa, unywele mweupe ulianza, ukashuka kidogo, ukaishia ukingoni kulia. Ukakatwa na mkasi wa mtu aliyekufa zamani. Nilimwonyesha mzee. Alitazama kwa lenzi yake muda mrefu.

"Usimwambie mtu hadi Jumapili," alisema.

Hata hapo sikujua kama nimepona. Kama karata iliyo kwenye plastiki ilikuwa kweli bandia, isingekuwa na ufa, na hilo lingenizika.

Jumapili binti alikuja na koti lake hakulivua. Mama alikuwa jikoni, ingawa zamu yake ilikuwa bado. Nilimwomba binti aitoe karata mwenyewe, aiweke mezani mwenyewe, kando ya mtu aliyening'inizwa. Kisha nikamweleza habari za ubao mmoja, na ufa, na wino. Aliinama. Unywele ulitoka kwenye mti, ukafika ukingoni, ukavuka hadi kwenye karata ya pili palepale ulipopaswa kuvuka, ukaukata mundu karibu na mpini. Nikaweka nakala yangu chini yake. Mundu mzima.

"Ubao uliopasuka ni ule wa zamani," nilisema. "Wangu haujapasuka. Uko darasani, njoo uutazame."

Mzee alisema, "Ndiyo yenyewe. Niliiangalia miaka yote hiyo."

Binti hakunyanyua kichwa. "Basi kwa nini iko hivi?"

Ndipo Mama alipotoka jikoni, mkoba umebanwa kwapani, akazungumza nami bila kuwatazama wengine.

"Papa, mi sikuiba kitu. Muzee alikuwa anakufa. Ule mutu wa mifupa alikuwa pale kando ya kichwa yake, anamungojea. Hata jina hana. Franchement, kweli kabisa, nitamupa muzee dawa, ule mutu ananiangalia? Nilimupaka mafuta. Niliomba, nikamupaka, voilà. Na muzee alipona."

"Ulimpaka mzee?"

"Muzee nilimupaka. Na ule mutu wa zamani nilimupaka. Ile yako ni ya shule."

"Anasema nini?" binti aliuliza.

Nilitafsiri. Binti alinitazama, akamtazama Mama, akanitazama tena.

"Nitajuaje kwamba ndivyo alivyosema? Wewe ndiwe uliyeshtakiwa, na wewe ndiwe unayetafsiri."

Lilikuwa swali zuri, na hata leo nalisifu. Mama hakungoja tafsiri ya hilo. Alitoa mkobani chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, akajionyesha kidole gumba, akachora hewani mstari wa kushuka na wa kukatiza. Kisha akaichukua karata mezani, bila kumwomba mtu, akaiinua dirishani kwenye mwanga wa theluji.

Msalaba ulikuwepo. Ulikuwa umevimba na kusambaa, kama msalaba uliochorwa na mtu mwenye kidole kinene, lakini ulikuwepo, katikati ya mbavu, na mwanga ulipita pale kuliko mahali pengine pote.

Mzee alianza kucheka hadi nikamshika mgongo. "Waambie hao wa kuthamini waandike hivyo," alisema. "Kiunzi cha mifupa, kimechongwa kwa mkono, kimetiwa rangi kwa mkono, kimebarikiwa kwa mkono."

Binti alisema karata imeharibika. Mzee alisema karata ni yake, na mama huyu ni wake pia, na hakuna atakayepigiwa simu. Binti alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakuomba radhi. Nilipokuwa natoka alisema angependa, hata hivyo, nifungue begi langu. Nililifungua. Akatazama ndani, akakuta patasi zangu na chapati mbili, akalifunga yeye mwenyewe zipu kwa uangalifu.

Kituoni Mama alinikuta nikingoja basi. "Papa, hautanikasirikia?"

"Mama, ungeniambia Jumatatu."

"Ningekuambia Jumatatu, ungeshinda namna gani Jumapili?"

Hilo halimo kwenye diploma yangu.

Diploma niliipata majira ya joto, kwa alama ambazo sitazitaja kwa sababu zimeandikwa ukutani. Kwenye maonyesho ya chuo mtu fulani alinipiga picha nimesimama kando ya mifupa yangu, nikitabasamu, na picha ikafika kwenye kundi la simu la ukoo kabla sijafika nyumbani. Maneno yaliyoambatana nayo yalikuwa kwamba kijana wetu anapiga ramli Amerika na Wazungu wanapanga foleni. Kwa hiyo niliporudi Kitale, nikanunua mashine, nikafungua duka, na kazi zikaja, kadi za harusi, beji za shule, vijitabu vya mazishi, watu walizipokea kazi zangu kwa mkono mmoja huku wakinitazama kwa pembeni.

Nilipowaita walionikopesha nyumbani kwa mjomba, wote walikuja, na hakuna aliyeweka mkoba chini. Nilikuwa nimetia fungu la fedha la kila mmoja kwenye bahasha niliyochapa mwenyewe, jina lake kwa herufi nzuri. Nilizipanga mezani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mwanangu," shangazi alisema, "kabla hatujagusa. Hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye mashine yangu, shangazi. Unaisikia kila siku ukipita."

"Na ile picha?"

"Ile niliisomea."

"Mifupa inasomewa?" mjomba aliuliza, na yule jirani wa mabati akacheka peke yake.

Shangazi alifungua mkoba. Harufu niliitambua kabla hajafungua kifuniko. Alisimama, akasema sala ndefu, akaanza kuchora misalaba kwa kidole gumba, bahasha baada ya bahasha, kwa mpangilio wa walivyoketi.

"Paka kidogo, shangazi," nilimwambia. "Mafuta yanapita kwenye karatasi, halafu kila mtu ataona fungu la mwenzake."

Akapaka kidogo. Mjomba ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alichukua yake kwa ncha za vidole, akaiinua mlangoni kwenye jua, akautazama msalaba na kilichokuwa nyuma ya msalaba, kisha akaiweka katika mfuko wa ndani wa koti na kulifunga kifungo. Aliuliza kama ningeweza kumchapia kalenda.